UZI: Taa ya kijani imemwacha mama yangu katikati ya barabara, na mji huu unajiita mji janja

#1 | Mwenda Miguu

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilimsindikiza mama mjini. Ana miaka 77, anatembea na bakora lakini anatembea mwenyewe, na ukimshika mkono kabla hajaomba anakutazama kwa jicho ambalo sisi wanawe tu ndio tunalijua. Tukafika kwenye kivuko kipya, chenye skrini ya kuhesabu sekunde, kamera juu ya nguzo, na kibandiko kinachojisifu kwamba barabara hii inaongozwa na kompyuta. Kijani kikawaka, tukaanza. Hatujamaliza hata njia ya tatu ya magari, skrini ikasoma sifuri. Magari yakaanza kunguruma, dereva mmoja akapiga honi. Mama akasimama palepale, hakukimbia, akaniambia: "Mwambie huyo bwana hata mimi nilikuwa na haraka miaka 40 iliyopita."

Nilicheka, lakini usiku usingizi ukanipaa. Nguzo ile ina kamera inayosoma namba za magari na kumkamata aliyepita kwenye nyekundu. Imeshindwaje kumwona bibi mwenye bakora?

Tukaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja. Zamani pale ulichukua karatasi ya namba ukakaa. Siku hizi unaskani msimbo wa QR ukutani, unajaza fomu kwenye simu, unatumiwa namba ya siri na una sekunde 60 za kuiandika. Simu ya mama ni ya kupiga na kupokea. Mlinzi akatuelekeza ukutani. Viti vya kusubiria vimeondolewa, eti foleni sasa iko mtandaoni.

Swali langu: hii teknolojia tunayoisifia inamsaidia mzee kutumia mji, au inamfukuza kistaarabu? Wahandisi mliomo humu naombeni maelezo. Na kama kuna mahali wamefanikiwa, leteni mifano inayoshikika, maneno ya vipeperushi ninayo ya kutosha.

#2 | Kikokotoo

Pole kwa mama. Ila mkuu, si mngepita daraja la juu?

#3 | Mwenda Miguu

Lina ngazi 42. Nilizihesabu.

#4 | Kikokotoo

Naondoa swali.

#5 | Fundi wa Taa

Nimepanga muda wa taa za barabarani kwa miaka 16. Ngoja nikupe hesabu ya kilichompata mama yako.

Muda wa kuvuka hatuukisii. Tunachukua upana wa barabara, tunaugawa kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Kwa miaka mingi mwendo uliotumika katika nchi nyingi ni mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 14 inapata sekunde 12 hivi. Sasa, watafiti wa Uingereza waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 walipima watu wa miaka 65 na kuendelea, wakakuta wanaume wanakwenda wastani wa mita 0.9 kwa sekunde na wanawake 0.8. Iweke hiyo 0.8 kwenye barabara ileile: bibi anahitaji sekunde 17 na nusu. Zile 12 zikiisha amekwenda mita tisa na nusu tu. Amebakiza mita nne na ushei, yaani njia nzima ya gari na kipande. Hapo ndipo mama yako alipokuwa amesimama. Tulipima kwa miguu ya kijana, kisha tukamwambia bibi avuke.

Marekani walikishusha kipimo hicho kwenye mwongozo wao wa kitaifa wa mwaka 2009, kutoka futi 4 kwa sekunde hadi 3.5, kama mita 1.07. Ni nafuu, lakini mtu wa 0.8 bado anaachwa njiani.

Utauliza kwa nini tusiongeze sekunde kila kivuko tukalala. Taa za barabara kuu zimefungamana kama shanga. Ukiongeza sekunde 6 kwenye kila mzunguko, mchana na usiku, hata pasipo anayevuka, foleni inarudi mpaka makutano ya nyuma, na mabasi wanayopanda wazee haohao yanakwama humo. Kwa hiyo kazi halisi ya teknolojia hapa ni kumpa sekunde anayezihitaji, pale anapozihitaji.

Njia mbili nazijua vizuri. Singapore tangu 2009 wana mfumo unaoitwa Green Man+. Juu ya kitufe cha kivuko kuna kisomaji. Mzee anagusisha kadi yake ya nauli, taa inamwongezea sekunde 3 mpaka 13 kulingana na upana wa barabara. Kadi ni ileile ya basi, hapakui chochote, hasajili chochote. Uingereza nao wana vivuko vinavyoitwa Puffin, tangu miaka ya 1990. Hivi vina vihisi vinavyotazama kivuko chenyewe. Mtu akiwa bado yumo ndani, magari yanazidi kuzuiwa, kwa kikomo maalumu, mpaka atoke. Huyu hahitaji hata kadi.

Kamera ya kivuko chenu yawezekana kabisa ikafanya kazi hiyo. Hakuna aliyeiagiza, basi.

#6 | Mwenda Miguu

"Hakuna aliyeiagiza." Hiyo imeniingia. Asante sana mkuu.

#7 | Binti Mkubwa

Naomba tuingie na ndani ya nyumba, maana mzee aliyeanguka sebuleni mji haumhusu tena.

Baba yangu ana miaka 81, anaishi peke yake kwa hiari yake na kwa ubishi wake. Kaka alimletea saa janja inayotambua mtu akianguka. Apple waliiweka huduma hiyo kwenye saa zao mwaka 2018: ukianguka vibaya na usijibu, saa inapiga simu ya dharura yenyewe. Kitu kizuri. Ila inataka kuchajiwa, na baba aliivua kila usiku ili aichaji, na usiku ndio anaamka mara tatu kwenda msalani gizani. Yaani saa ilikuwa inapumzika saa za hatari. Ilituchukua miezi miwili kugundua. Sasa anaichaji jioni akiwa amekaa anasikiliza taarifa ya habari. Kwenye kijitabu cha saa hilo hakuna aliyeliandika.

Kilichonifurahisha zaidi ni birika la Wajapani. Kampuni ya Zojirushi ilianzisha mwaka 2001 huduma ya birika la umeme lenye kifaa cha mawasiliano ndani. Mzee anamimina maji ya moto kama alivyozoea, taarifa inakwenda, na mtoto wake aliye mbali anapata ujumbe. Birika likikaa kimya kutwa nzima unajua upige simu. Mzee hajifunzi kitu, havai kitu, hakumbuki kuchaji kitu. Mwaka 2001, wakuu, kabla hata hatujalisikia neno "simu janja".

#8 | Jicho la Tatu

Birika linalopeleka habari za mzee kwa watoto. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya jirani, na yeye angalau ulijua anasema nini.

Sitanii. Kabla hamjaendelea kushangilia, nani anashika hizo taarifa? Kadi inayoongeza sekunde inajua mzee fulani amevuka wapi, saa ngapi. Kihisi cha nyumbani kinajua anaamka mara ngapi usiku. Kampuni ikiuzwa, taarifa zinauzwa nayo. Matapeli wa simu hawatafuti kingine ila orodha ya wazee wanaoishi peke yao.

Japani hiyohiyo, mji wa Iruma, mwaka 2016 walianza kuwabandika wazee wenye ugonjwa wa kusahau vibandiko vidogo vya msimbo wa QR kwenye kucha, ili wakipotea polisi waskani wajue wametokea wapi. Naelewa nia yake. Viatu na nguo mtu hubadilisha, kucha hatembei bila nazo. Lakini ni mtu mzima huyo. Mzigo uwanja wa ndege nao unabandikwa.

#9 | Binti Mkubwa

Ndugu yangu, mama yangu mdogo alipotea usiku mmoja wa mvua. Alipatikana alfajiri. Ungeniuliza saa nane za usiku ule kama nakubali kibandiko kwenye kucha, ningekubali vibandiko kumi.

Lakini kwa baba uko sahihi, na tulimuuliza. Kamera alikataa katakata: "Sitaki kuoga kwenye televisheni yenu." Kihisi cha mlango alikubali, kinachosema mlango umefunguliwa na kufungwa, basi. Na sharti lake: naye aone kwenye simu yake kilekile tunachokiona sisi.

#10 | Jicho la Tatu

Sharti hilo liandikwe kwenye sheria. Pole kwa ya mama mdogo.

#11 | Babu Miwani

Hamjambo vijana. Nina miaka 74, nasoma uzi huu tangu asubuhi kwa herufi kubwa.

#12 | Kikokotoo

Shikamoo babu! Karibu, tunawasema nyie.

#13 | Babu Miwani

Marahaba. Nimeona mnatusema. Niongeze yangu, maana naona mnafikiri shida yetu ni kutojua.

Kwanza, vidole. Ngozi ya mzee ni kavu, na skrini ya kugusa inategemea umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Nagusa mara nne haisikii, ya tano inasikia mara mbili. Mkono ukitetemeka kidogo, umebonyeza na kitufe cha jirani. Muuzaji akanibadilishia simu, mpya ikafanya vilevile. Siku hizi nalowesha kidole kwanza kama mtu anayehesabu noti.

Pili, macho. Kijana aliyebuni ukurasa ameandika maandishi ya kijivu juu ya nyeupe kwa sababu yanapendeza. Kwangu huo ni ukurasa mtupu.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: wanahamisha vitu. Nimejifunza mwezi mzima kwamba kitufe cha kulipia kiko chini kulia. Naamka asubuhi programu imejisasisha yenyewe, kitufe kimekwenda juu kushoto na kimebadilika rangi. Hebu fikirini mtu akihamisha mlango wa nyumba yenu usiku mkiwa mmelala, halafu asubuhi akwambieni mnahitaji mafunzo.

Kuna daktari mstaafu wa Valencia, Hispania, anaitwa Carlos San Juan. Mikono yake inatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Benki zilipofunga madirisha na kuwasukuma watu kwenye mashine, mwanzoni mwa 2022 akiwa na miaka 78 alikusanya saini mtandaoni chini ya maneno yanayomaanisha "mimi ni mzee, si mpumbavu". Saini zikapita 600,000. Akazipeleka mwenyewe wizarani, na benki zikasaini ahadi za kurudisha saa za huduma ya dirishani kwa wazee. Angalieni alivyofanya: aliutumia mtandao kudai dirisha. Hakuwa na ugomvi na kompyuta.

#14 | Kizazi Kipya

Kwa heshima zote wazee wangu, mimi naona tunakuza mambo. Tatizo hili linakwisha lenyewe. Baada ya miaka 20 kila mzee atakuwa mtu aliyekulia na simu mkononi. Kwa sasa wapewe mafunzo, maisha yaendelee. Hatuwezi kuuzuia mji mzima kwa ajili ya watu wachache.

#15 | Fundi wa Taa

"Wachache"? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na 2050 watakuwa bilioni 2.1. Na wewe ukiwemo, Mungu akipenda.

#16 | Babu Miwani

Mwanangu Kizazi Kipya, sijakasirika. Niliandika programu yangu ya kwanza kwa COBOL, lugha ya kompyuta ya enzi zetu, mwaka 1979, na nimestaafu nikiwa mkuu wa idara ya kompyuta. Kadi za kutoboa, zile tulizoilisha kompyuta programu, nimezibeba kwa mikono hii. Mimi ndiye yule "mzee aliyekulia na kompyuta" unayemsubiri baada ya miaka 20. Nimeshafika, na bado sisomi kijivu juu ya nyeupe.

Macho yako yatachoka hata kama kichwa kinajua kila kitu. Na vifaa vya wakati huo havitakuwa hivi unavyovijua leo. Nami nilidhani nitastaafu na kibodi.

#17 | Kikokotoo

COBOL!! Uzi ufungwe, babu kamaliza.

#18 | Waya wa Shaba

Usifungwe, nina kisa cha Uingereza kinachotisha na watu hawakijui.

Huko watu wapatao milioni 1.8, wengi wao wazee na wagonjwa, wana kitufe cha dharura, mara nyingi cha kuvaa shingoni. Ukianguka unabonyeza, simu inapigwa kituoni, mtu anaongea nawe kupitia spika ya nyumbani. Teknolojia ya zamani, ila imeokoa wengi. Vitufe vingi vilipita kwenye laini ya simu ya waya wa shaba. Sasa waya wa shaba una siri moja: umeme wake unatoka kituo cha simu, si nyumbani kwako. Umeme ukikatika mtaa mzima, simu ya mezani inaita kama kawaida.

Kampuni za simu zikaanza kuhamisha laini zote kwenda kwenye intaneti. Sauti safi, gharama ndogo kwao. Lakini intaneti ya nyumbani inategemea kisanduku kilichochomekwa ukutani. Umeme ukikatika kisanduku kinazima, na simu inazima nacho. Na vitufe vya zamani vingine havielewani na laini mpya hata umeme ukiwepo. Yalitokea matukio mabaya ya watu kubonyeza na kukosa jibu, mpaka Desemba 2023 serikali ikazitaka kampuni zisimamishe kuwahamisha watu kwa lazima. Tarehe ya kuzima laini za zamani, iliyokuwa mwisho wa 2025, ikasogezwa hadi mwisho wa Januari 2027.

Nimefanya kazi kwenye laini, najua mkutano wa namna ile unavyokwenda. Kila mtu mezani anazungumzia kasi. Anayeuliza "je, umeme ukikatika saa tisa za usiku?" anaonekana mchawi wa maendeleo.

#19 | Mchora Ramani

Mimi ni wa upande mwingine kabisa: viti.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, baada ya kukaa na wazee wenyewe katika miji 33 na kuwauliza. Mtu angetegemea waombe hospitali kubwa. Yanayorudi mara kwa mara mle ni mahali pa kukaa, vyoo vya umma vilivyo safi na wazi, njia za miguu zisizo na mashimo, na muda wa kuvuka barabara. Muda wa kuvuka, mama yake Mwenda Miguu yumo mle tangu 2007.

Mzee wa magoti mabovu haulizi duka liko umbali gani. Anauliza kiti kiko umbali gani. Akiwa na kiti kila baada ya mita mia mbili hivi anakwenda popote. Kikikosekana kimoja katikati, safari nzima imekufa. Sasa ramani ya simu inakupa njia fupi kuliko zote, inakupandisha kilima na ngazi juu, haijui kiti, haijui choo kimefungwa. Kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kiti kina alama yake, na unaweza kuongeza kama kina egemeo la mkono au la. Egemeo si anasa, mzee anainuka kwa kusukuma mkono. New York tangu 2011 wana mpango wa viti, CityBench, ambapo mkazi anaomba kiti kiwekwe mahali fulani na mji unakwenda kukagua. Fomu ya mtandaoni na kipande cha chuma. Kwangu huo ni mji janja kuliko nguzo yenye kamera nane.

#20 | Jicho la Tatu

Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu sina pingamizi. Kiti hakikusanyi taarifa.

#21 | Fundi wa Taa

Mchora Ramani kanigusa. Hata kwenye barabara, kitu ninachokipenda kuliko kihisi ni kisiwa cha katikati: sehemu iliyoinuliwa ambapo mtu anasimama salama, anavuka nusu, anapumua, anavuka nusu. Hakina umeme wa kukatika. Tatizo lake hakuna waziri anayekata utepe wa kisiwa.

Halafu kuna yale matofali ya njano yenye vinundu pembeni mwa kivuko. Aliyeyabuni ni Mjapani, Seiichi Miyake, na ya kwanza yaliwekwa Okayama mwaka 1967. Asiyeona anaisoma njia kwa nyayo. Lakini msiyamwage ovyo, vinundu hivyohivyo vinamsumbua anayesukuma kigari cha kutembelea. Ukimshushia ukingo mwenye gurudumu, asiyeona hajui tena njia ya miguu inaishia wapi na barabara inaanzia wapi, ndiyo maana vinundu vinawekwa palepale ukingo uliposhuka. Kila kitu barabarani ni kupatana.

#22 | Kizazi Kipya

Nimesoma yote na babu amenipata, nakiri. Lakini swali la fedha hamjalijibu. Dirisha lenye mtu NA mashine NA programu, nani anagharimia vyote vitatu? Mashine ililetwa ili kupunguza gharama za dirisha.

#23 | Babu Miwani

Swali halali hilo, nilikuwa nalingoja. Dirisha linagharimu, sitakudanganya. Ila mzee asipohudumiwa gharama haipotei. Inahamia kwa mwanawe aliyeomba ruhusa kazini aje kumsaidia kuskani ukuta. Mwenda Miguu, ulipoteza siku ngapi?

#24 | Mwenda Miguu

Siku moja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya kurudisha namba ya siri iliyofungwa.

#25 | Waya wa Shaba

Niongezee kwenye swali la Kizazi Kipya. Uchina 2020 wakati wa korona ulihitaji msimbo wa afya kwenye simu ili kupanda basi. Wazee wasio na simu janja walizuiwa mlangoni, watu wakakasirika, na Novemba mwaka huohuo serikali kuu ikatoa mpango wa kuhakikisha njia za kawaida zinabaki sambamba na za kidijitali. Hiyo ni nchi inayolipa karibu kila kitu kwa simu. Uingereza nako 2023 kampuni za reli zilipotaka kufunga karibu madirisha yote ya tiketi, wananchi walituma maoni karibu 750,000, na Oktoba mpango ukatupwa. Walioandika hawakuwa wazee peke yao, kulikuwa na wasioona na wenye viti vya magurudumu. Nadhani hata watalii waliopotea.

Na Wafaransa wamepata njia ya katikati. Posta yao tangu 2017 inauza huduma ya mletabarua kumtembelea mzee. Anapita mtaa huo kila siku hata hivyo, anabisha hodi, wanaongea kidogo, kisha familia inapata taarifa kupitia programu ya simu. Simu janja anaishika mletabarua, si mzee.

#26 | Binti Mkubwa

Hiyo ya Ufaransa nimeipenda kuliko birika. Mletabarua anaweza kugundua baba amevaa shati kinyume.

#27 | Kizazi Kipya

Bado naona fedha haijajibiwa yote, ila sawa, nimeongezewa upande nisiokuwa nauona. Mwenda Miguu, utafanya nini sasa na kivuko chenu?

#28 | Mwenda Miguu

Nilitaka kuandika barua ndefu kwa wakubwa kuhusu haki za wazee. Fundi, unashaurije?

#29 | Fundi wa Taa

Barua ndefu tunazipokea, tunazifaili. Nenda na namba. Pima upana wa barabara kutoka ukingo hadi ukingo, hata kwa hatua kama huna futi. Shika saa: tangu kijani kiwake mpaka magari yaruhusiwe ni sekunde ngapi. Rudia saa tatu tofauti za siku, kwa sababu mpango wa asubuhi si wa jioni. Kisha mpime mama, kwa ruhusa yake, akivuka kwa mwendo wake na wewe ukiwa pembeni. Upana, muda uliopo, muda anaouhitaji. Omba mambo mawili tu: taa iongezewe muda mtu akiwa bado ndani, na kama mfumo wao hauwezi, kisiwa katikati. Usitaje "mji janja" hata mara moja, watakutumia mshauri.

Na wengine humu pimeni vya kwenu. Barua moja ni malalamiko. Zikifika ishirini zenye namba, mhandisi atazibeba mpaka kwenye kikao cha bajeti, ninawajua, mimi mmoja wao.

#30 | Kikokotoo

Nimekuwa wa kwanza! Kivuko mbele ya kituo changu cha basi: mita 16, sekunde 13. Mimi nimevuka kwa 11 nikiwa na haraka, na nina miaka 29.

#31 | Binti Mkubwa

Mita 10, sekunde 14. Huku kwetu wamejitahidi. Baba amekataa kupimwa, ila ameomba nimtumie uzi huu.

#32 | Mwenda Miguu

Mita 14 na nusu, sekunde 12 asubuhi, 12 mchana, 10 jioni. JIONI WANAPUNGUZA. Mama amevuka kwa 18, na ameniambia niandike 17 kwa sababu alisimama kumsalimia mtu.

#33 | Babu Miwani

Nami nimetoka kupima, mjukuu ndiye aliyeshika saa. Mita 13, taa imetupa sekunde 11, mimi nimetumia 19, na mwenye lori alisubiri bila honi, Mungu ambariki. Mchora Ramani, andika pia kwamba upande wa pili hakuna kiti. Naandika haya nimeegemea nguzo ya taa.